Tulivyougawana Ukingo wa Mto

Wazo la kugawana ukingo lilikuwa langu. Nalisema mwanzoni kabisa, maana mtaani kwetu kila anayesimulia habari hii humtupia lawama mwenyekiti wa kikundi, na mwenyekiti naye huwatupia lawama waliomshauri, na mimi nikipita hapo wananiamkia shikamoo mwalimu kwa heshima zote, kana kwamba sihusiki. Nahusika. Nilisimama mbele ya watu wasiozidi kumi na wawili nikaueleza mpango wangu kama nilivyokuwa nikieleza hesabu za sehemu darasa la tano, na wote wakaelewa. Nilikuwa mwalimu mzuri.

Mto wenyewe si wa kujivunia. Unaanzia kwenye chemchemi huko juu vichakani, unapita nyuma ya nyumba zetu huku Bunju, kisha unateremka kwenda baharini. Kiangazi unauvuka bila kukunja gauni. Masika ni habari nyingine: maji yanakuja mekundu, yanabeba magogo, magodoro, na siku moja tuliona friji zima likipita limefungwa mlango. Na nyuma ya nyumba ya jirani yangu mto huo unapinda ghafla, kwa hiyo hasira yote ya maji inaelekea kwake.

Jirani yangu alikuwa mjane wa Kiarabu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, na mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa. Yeye na marehemu mumewe waliendesha duka Tandale maisha yao yote, jirani na soko, wakajinyima mpaka wakajenga Bunju wapate kupumzika na makelele ya wapagazi. Mume alifariki kabla nyumba haijapigwa lipu. Bi Mkubwa aliimalizia mwenyewe, chumba kwa chumba, na jiko akalijenga nyuma kwa sababu alitaka kupika huku anasikia maji. Mimi ni Mchaga, mkatoliki, mstaafu wa ualimu, na sikutegemea kupatana na mtu wa namna yake. Tukapatana. Jioni nilikuwa napitia mlango wa nyuma, nakaa kwenye kigoda jikoni kwake, tunasengenya mtaa mzima mpaka adhana ya magharibi.

Kikundi kilianza kwa ajili ya jiko lile, tusidanganyane. Masika moja maji yalichukua migomba yake yote na kuacha ufa kwenye ukuta. Yalipopungua alituita majirani chai, akatuonyesha ufa ule kwa kidole, akasema, "Huu mwaka huu. Mwakani nitakuwa nakaribisha samaki." Tukacheka, tukanywa chai, na hapo hapo tukaunda kikundi cha kuulinda mto. Karani mstaafu mwenye sauti nzuri akawa mwenyekiti. Mimi nikawa katibu, kwa sababu ya mwandiko.

Ng'ambo ya mto, mkabala na jiko la Bi Mkubwa, palikuwa na bonde tambarare lenye matete, halina mwenyewe. Masika maji yalikuwa yakifika pale kwenye kona yanapanda bondeni, yanatandazika, yanatulia, halafu yanarudi mtoni kwa adabu. Fundi mmoja mzee, mwenzetu kwenye kikundi, ndiye aliyetufungua macho. Alisema maji ni kama watu, yakipata pa kukaa hayagombani. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ikawa bonde lile: kuwafukuza wachimba mchanga, kuondoa takataka, kupanda miti ya kushika udongo.

Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa mtoni na mareki na mabuti ya mpira. Nimeokota pampasi za watoto wa watu wengi kuliko mkunga. Tulipanda mpaka juu kwenye chemchemi kuwaomba watu wasifyeke. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wenye tabia ya kutapisha vyoo mvua ikinyesha, yaani mtu anatoboa shimo la choo, mzigo wote unaondoka na mvua, unakuwa wa jirani. Mzee mmoja alinijibu akiwa barazani kwake, "Mwalimu, mvua kaleta Mungu, na choo changu kimejaa. Sasa wewe hapo katikati unaingia wapi?" Nilichukia siku tatu.

Miche alikuwa anaiotesha Bi Mkubwa. Magoti yalishamshinda, hakuweza kushuka mtoni, kwa hiyo alijaza udongo kwenye vifuko vya maziwa, akavipanga uani kwa mistari iliyonyooka kuliko ya darasa langu. Mikuyu, mianzi, na mingine ambayo majina yake aliyajua fundi. Alikuwa akiimwagilia kwa birika la udhu, tone kwa tone. Mche ukitoka pale uani alikuwa akiuambia, "Haya, nenda kanilindie."

Mwaka wa kwanza miche yote ilikufa. Mbuzi walikula, watu walikata fito za kujengea mabanda ya kuku, na sisi wenyewe, nikisema kweli, hatukumwagilia, kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake. Cha wote hakina mwenyewe. Bi Mkubwa hakulalamika, aliosha vifuko akaanza upya, na mimi niliona haya. Ndipo nikaja na mpango wangu.

Mpango ulikuwa huu: tuligawe bonde vipande, hatua arobaini kila kimoja, kila mwanakikundi awe na chake, akipande, akimwagilie, kikikauka aulizwe yeye. Na mipakani tupande masale, ile mimea ya majani marefu. Kwetu Kilimanjaro, penye masale pamepandwa mpaka, na mtu mwenye akili zake havuki bila kuulizwa. Huku mjini nako watu wa bara wameyaleta, hata mchunga mbuzi wa Bunju akiona mstari wa masale anajua hapa pana mtu. Watu wa pwani kwenye kikundi walinitania sana. "Mwalimu anatuletea mambo ya mgombani," mwenyekiti alisema. Lakini walikubali, nami nikaleta mbegu ya masale kutoka nyumbani, nimeifunga kwenye kanga, nikiwa na furaha kama bibi harusi.

Halafu nikaandika karatasi. Hakuna aliyenituma. Mbuzi wa jirani mmoja alikuwa bado anaingia, na mwenye mbuzi alikuwa akijibu kwamba pale hapana mwenyewe, kwa hiyo nikaona tupate kitu chenye muhuri cha kumwonyesha. Nilichora ramani ya bonde kwa rula. Nikaandika kipande cha kwanza ni cha fulani, kulia kimepakana na cha fulani, kushoto cha fulani, mpaka wake ni masale. Kila mmoja akasaini kwenye kipande chake na kwenye vipande vya jirani zake. Tukaipeleka ofisi ya mtaa, ikagongwa muhuri wa duara, safi kabisa. Sikuandika popote kwamba ardhi ni ya mto. Nilidhani hilo kila mtu analijua.

Na mpango ulifanya kazi! Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Kama ungeshindwa, tungekuwa tumepoteza miche tu. Lakini watu walioshindwa kumwagilia miti ya wote walianza kuamka alfajiri kumwagilia miti yao. Walishindana. Fundi mzee alijenga vijikuta vya mawe kuzuia udongo. Mwenyekiti aliuwekea mkuyu wake uzio wa miba. Baada ya masika mbili ungepita ungeona mianzi imekushinda urefu, ndege wamerudi, na maji yakija yanapanda bondeni kati ya miti, yanatandazika, yanarudi. Ufa wa Bi Mkubwa ulizibwa kwa saruji. Wageni walikuja na kamera, wakatupa fulana za kijani, wakatupiga picha tumesimama kila mtu kwenye kipande chake. Kwenye picha ile natabasamu kuliko wote.

Ishara zilikuwepo, ila mimi nilizisoma vibaya. Mmoja alipanda migomba badala ya mikuyu, nikasema anajaribu. Mwingine aliniambia kwamba akifa, kipande chake kitakuwa cha mwanawe wa kwanza, nami nikaona huo ndio upendo wa mazingira. Miaka yote thelathini darasani, na sikukumbuka kwamba sehemu kubwa ya mtaa wetu haina hati ya aina yoyote. Huku kwetu ardhi ni ya aliyepanda mti, akawa na mpaka, na majirani wawili wa kusema ndiyo tunamjua. Miti tulikuwa nayo. Mpaka nilileta mimi kwenye kanga. Na majirani niliwasainisha mwenyewe.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kuuza. Bwana mmoja wa Mbezi Beach alikuwa akitafuta sehemu yenye upepo, akaonyeshwa bonde, akaonyeshwa karatasi, akaridhika. Simlaumu sana bwana yule, na inaniuma kusema hivyo. Alionyeshwa mwenye kipande, mipaka na muhuri. Angeuliza nini zaidi? Nilimfuata mwenyekiti kwake.

"Unauzaje mto?" nikamwuliza.

"Mwalimu, kaa kwanza," alisema. "Mie mto sijauuza. Mto si ule pale unapita? Nimeuza kipande changu. Si ulinipa wewe?"

"Nilikupa uulinde!"

"Nimelinda miaka mitatu. Nani mwingine kapanda pale? Sema wewe, nani?"

Mkewe alileta maji ya kunywa, nikayakataa, na mpaka leo najuta kuyakataa maana yule mama hakunikosea chochote. Ndani ya miezi michache wengine nao wakamwuzia bwana yule, mmoja baada ya mwingine. Fundi mzee hakuuza. Alikufa, na wanawe wakauza kabla ya arobaini. Kipande changu kikabaki katikati peke yake, kama jino la mwisho kinywani.

Malori ya kifusi yalikuja mchana kweupe. Bonde likajazwa, na kipande changu humo humo, likainuliwa mpaka likawa juu ya usawa wa uani kwa Bi Mkubwa, na mbele yake ukajengwa ukuta wa mawe kufuata ukingo. Mikuyu aliyoiotesha kwenye vifuko vya maziwa ilifukiwa ikiwa imesimama. Bi Mkubwa aliketi mlangoni mwa jiko lake akiangalia, tasbihi mkononi, na kila lori lilipomwaga aliuliza, "Sasa maji yatakaa wapi, mwalimu?" Nikamwambia twende tukashitaki. Nilimwambia sheria ipo, mita sitini kutoka mtoni haruhusiwi mtu kujenga, na mimi nitasimama naye. Alivaa baibui lake la safari, nikamshika mkono, tukaenda.

Ofisini tulimkuta kijana mmoja mpole sana. Alituamkia, akatupa viti, akamsikiliza Bi Mkubwa mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akafungua kabati, akatoa karatasi. Niliitambua kabla hajaigeuza.

"Mama, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Na hizi saini za majirani?"

"Zetu."

"Na muhuri ni wetu sie wenyewe. Sasa bibi, huyu bwana ng'ambo kanunua kwa wenye vipande wanaotambulika. Kosa lake nini?"

Bi Mkubwa alisoma chuoni, anasoma Kurani vizuri, lakini herufi hizi zetu huzisoma kwa shida. Aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Mwalimu, hii si ile uliyosema ya mbuzi?"

"Ndiyo hiyo, Bi Mkubwa."

Kijana alitabasamu, akajikaza. Mimi nikajikusanya, nikataja mita sitini. Niliitaja kwa sauti ya darasani. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema taratibu, wala si kwa vitisho, "Mama, hiyo sheria ipo, na mkitaka tuitumie, tutaitumia. Ila tepu ikishashika mto inapima pande zote mbili. Haipimi ng'ambo tu. Kwa bibi hapa hazifiki hata ishirini. Na kwako mama ni ngapi?"

Kwangu ni kama arobaini. Nyumba ile niliijenga kwa kiinua mgongo changu chote, na nyingine sitajenga. Wala sikuhitaji kufikiri, mdomo ulitangulia. Nikasema, "Basi, mwanangu. Tumeelewa." Nikasimama. Nikamshika Bi Mkubwa mkono, akasimama naye, tukatoka. Njiani hakusema kitu, nami nilijiambia amechoka na jua.

Masika iliyofuata maji yalifika kwenye kona, yakatafuta bonde, yakakuta ukuta. Yalifanya vile ambavyo fundi mzee alisema yangefanya. Jiko liliondoka asubuhi, watu wakiwa wamesimama na miamvuli wanatazama. Chumba cha nyuma kilifuata baada ya siku mbili. Tulitoa vitu kupitia dirisha la mbele: kabati la vyombo, mazulia, picha ya marehemu, cherehani. Wanakikundi wote walikuja kubeba, hata mwenyekiti, akiwa amevaa fulana yake ya kijani, analia machozi ya kweli. Niliona machozi yale nikatamani kumpiga. Mwanawe Bi Mkubwa alikuja na gari akampeleka Tandale, kwenye vyumba viwili nyuma ya lile duka la zamani.

Kikundi hakijafa, kwa taarifa yenu. Bwana wa Mbezi Beach kahamia, ni mtu mkarimu, amekubali kuwa mlezi wake, na ametununulia mareki mapya. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanafagia mbele ya ukuta wake. Mimi nimejitoa. Sikutoa sababu, wakasema ni uzee.

Nilikawia kwenda Tandale. Kila wiki nilikuwa na udhuru, mara mguu, mara ibada, mara mvua. Nilipokwenda nilikuta chumba cha giza, ukuta umepakana na mashine ya kusaga, unga umetanda hadi kwenye neti. Bi Mkubwa alikuwa amepungua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri, akamwagiza mkwewe aniletee chai na visheti, akaniulizia wanangu mmoja mmoja. Tulizungumza bei ya mchele, tukazungumza magoti. Mwishoni nikashindwa, nikamwambia, "Bi Mkubwa, nisamehe ile karatasi."

"Karatasi?" alisema. "Karatasi nilikusamehe palepale ofisini. Hukujua, na mie sikujua. Tulikuwa tunafukuza mbuzi."

Nikashusha pumzi. Nikaanza kushukuru.

"Ngoja, mwalimu," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Yule kijana alipouliza habari ya tepu, mie nilikuwa namjibu. Nilikuwa namwambia pima. Pima kote, nibomolewe mie, abomolewe na yule, mto upate pake. Neno liko mdomoni, wewe ukasema tumeelewa. Ukanivuta mkono." Akasogeza sahani ya visheti karibu yangu. "Mie nilikuwa sijaelewa. Aliyeelewa ni wewe."

Mashine ya kusaga ilikuwa ikiunguruma upande wa pili. Nilikula kisheti kimoja kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Kisha nikaaga, nikarudi Bunju, nyumbani kwangu, ambako maji hayajafika mpaka leo.